Nani Mwenye Haki ya Kusamehe?

Ndugu zetu Waislamu, jambo lililotupelekea kuandika maneno haya ni suala lililoletwa katika darasa letu hapa Migori. Mama mmoja, ambaye mwanawe aliuawa kwa risasi katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, aliambiwa na watu waliodhani wamsaidia: "Samehe, mama. Yaliyopita yamepita, na kuyafukua ni kuleta fitna." Naye akatuuliza: "Nimsamehe nani? Hapana aliyenijia akakiri." Siku ile tulinyamaza. Leo twataka kumjibu kwa kadiri ya elimu yetu.

Kwanza na tuukumbuke ukweli wa mambo. Tume ya Jaji Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihisabu watu 1,133 waliokufa katika nchi nzima, na 134 kati yao walifia katika uliokuwa mkoa wa Nyanza. Waliokufa kwa risasi walikuwa 405, na hapa Nyanza hao ndio waliokuwa wengi. Raia wa kawaida hana bunduki. Tume yenyewe ilieleza kwamba polisi walitumia nguvu kupita kiasi. Yaani mkono uliolishwa kwa kodi ya raia ili umlinde ndio uliomuua. Watu sita walitajwa mwaka 2010 na mwendesha mashtaka wa mahakama ya The Hague. Hata mmoja hakuhukumiwa, na kesi ya mwisho ya hao sita ilisimamishwa tarehe 5 Aprili 2016.

Sasa tuitazame dini yetu. Wanavyuoni wamezigawanya haki mafungu mawili: haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya waja. Mwenye kuiharibu haki ya Mungu, akatubu kweli, mlango wa rehema u wazi mbele yake. Walakini mwenye kumdhulumu mja mwenziwe hatoki katika deni lake kwa kusali na kufunga peke yake, mpaka amrudishie haki yake au mwenyewe amsamehe. Na katika damu, Kitabu chetu kimempa walii wa aliyeuawa mamlaka, kikamkataza kupita mpaka, kikamhimiza kusamehe. Lakini himizo hilo ameelekezewa yeye, si jirani yake, si chifu, wala si mtawala. Msamaha ni mali ya aliyedhulumiwa. Mwenye kuutoa kwa niaba yake bila ya idhini yake ametoa sadaka ya mali isiyokuwa yake.

Tena tuna mfano ulio bora kuliko mifano yote. Mwaka wa 8 wa Hijra, Khalid bin Walid alipelekwa kwa Banu Jadhima, na watu wakauawa pasi na haki. Khabari zilipomfikia Mtume wetu (S.A.W.), hakusema kuwa ni mambo ya vita, wala hakumficha jemadari wake. Aliinua mikono, akajitenga mbele ya Mola wake na kitendo kile. Wanahistoria wa Sira wameeleza kwamba kisha alimtuma Sayyidna Ali na mali. Akalipa dia za waliouawa na thamani ya vyote vilivyoharibika, hata chombo cha kunyweshea mbwa, na mali iliyobakia akawaachia kwa ajili ya hasara ambayo huenda haikujulikana. Basi mkuu wa dola alianza kwa kukiri hadharani, akafuatisha malipo, wala hakuwataka wafiwa wasahau.

Tupimeni yetu kwa mizani hiyo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi Rais ripoti yake tarehe 21 Mei 2013. Ndani yake mna dhulma za miaka mingi, na miongoni mwake mauaji ya Wagalla, karibu na Wajir, ya Februari 1984, ambapo ndugu zetu Waislamu walizuiliwa katika uwanja wa ndege na kuuawa. Serikali ilikubali kwanza watu 57 tu, hali manusura wasema waliokufa ni wengi mno kuliko hao. Machi 2015 Rais aliomba radhi kwa niaba ya serikali, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Kuomba radhi ni jambo jema, nasi hatulidharau. Lakini mpaka alipoondoka madarakani mwaka 2022, fedha za mfuko huo hazikuwafikia waliodhulumiwa. Kukiri bila kulipa ni nusu ya njia. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Ama wale wasemao kwamba kudai haki ni fitna, twawajibu kuwa dhulma isiyosailiwa ndiyo mama wa fitna. Juni 2025 mwalimu kijana alikamatwa nyumbani kwao katika kaunti jirani ya Homa Bay kwa ajili ya maandishi aliyotuhumiwa nayo, akapelekwa Nairobi, na siku ya pili yake alikuwa maiti. Polisi walisema kuwa alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa madaktari haukulingana na maneno hayo. Watu sita, wakiwemo askari, wakashtakiwa kwa mauaji. Hukumu ni ya mahakama, wala hatuitangulii. Twauliza tu: lau damu za mwaka 2008 zingalidaiwa, je, mikono ingalikuwa myepesi namna hii?

Lakini, ndugu zetu, mizani ni moja. Katika miezi ile ile, katika miji ya Nyanza, majirani zetu Wakikuyu na Wakisii walifukuzwa na maduka yao yakaporwa. Baada ya darasa lile, mtu mmoja alitufuata faraghani, akasema kwamba mabati ya nyumba yake aliyanunua kwa bei ya kutupa siku zile, naye alijua yametoka wapi. Twamwambia yeye na wenziwe: hatuwezi kuidai damu kwa serikali hali tumelala chini ya mabati ya jirani. Mtafute mwenyewe au warithi wake, umlipe, umtake radhi. Usipompata baada ya juhudi ya kweli, itoe thamani yake sadaka kwa nia yake, na siku atakapotokea akaidai haki yake, mlipe.

Na wewe mama, jibu lako ni hili: ukisamehe, ujira wako uko kwa Mola wako, na ukidai haki kwa njia ya sheria, huna dhambi wala hukuleta fitna. Mlango wa msamaha ni wako, na atakaye kuingia na aje abishe hodi mwenyewe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.