Je, Kueleza Uovu Ni Kuusamehe?

Katika shirika letu la Katindo yuko mama mjane. Mume wake aliuawa mwaka 2020 na watu wenye bunduki walioingia nyumbani usiku, wakitafuta fedha ya biashara. Wauaji hawakushikwa. Binti yake mkubwa amekwisha kupata diploma ya Serikali kwa alama nzuri, naye ataka kwenda Chuo Kikuu kusoma kriminolojia, ndiyo elimu inayotafuta kwa nini watu huvunja sheria kwa wizi, kwa kuua na kwa kunajisi, na jinsi wenzao wanavyowaadhibu. Ataka kuisoma mpaka lisansi, tena kwa sifa, si kwa kupita tu. Alikuja kwangu kuomba barua ya parokia. Kesho yake alikuja mama.

Akasema: "Mwalimu, usimwandikie. Watamfundisha kwamba yule aliyemwua baba yake alikuwa maskini, alikosa shule, alipigwa utotoni. Atarudi hapa wakili wa wale wanyama. Mimi sikuzaa mtoto aje kuniambia kwamba hakuna mwenye kosa."

Siku ile sikumjibu. Neno lake si neno la ujinga, na wenye elimu wangefaa kulisikia. Mtu aliyepoteza mume, akisikia sababu nyingi za mwuaji, huona kama marehemu anasukumwa pembeni ili mwuaji apate nafasi ya kukaa. Na katika Kivu tumekwisha kuona jinsi walioumizwa wanavyosahauliwa. Mwaka 2012 askari waliokuwa wakiukimbia mji wa Goma waliwanajisi wanawake wengi huko Minova. Kesi ikafanyika hapa Goma, na hukumu ikatoka Mei 2014. Washitakiwa walikuwa 39. Wanawake walitoa ushahidi wamefunikwa uso. Mwishoni askari wawili tu ndio walioonekana na hatia ya kunajisi.

Tena elimu hiyo ilianza na kosa kubwa. Mwaka 1876 mganga mmoja wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu akisema kwamba wahalifu wengi wamezaliwa hivyo, na kwamba unaweza kuwatambua kwa umbo la kichwa na taya. Kama ni kweli, mwizi hana dhambi kuliko chui anayekamata mbuzi. Wenye elimu wenyewe waliyakataa mafundisho hayo baadaye. Sisi wa upande huu wa maziwa hatuhitaji kuelezwa sana. Tunajua kupimana pua na vichwa kuliwafikisha watu wapi.

Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani jioni ile, neno moja la mama lilinirudia. Aliwaita wanyama. Nikafikiri: je, huyu mama na yule Lombroso hawasemi jambo moja? Mnyama hana hatia. Hatuendi kumwungamisha fisi. Anayemwita mwuaji mnyama ataka kumlaani, kumbe amekwisha kumwachilia, kwa maana amemwondolea akili na hiari, vitu viwili ambavyo bila hivyo hakuna dhambi. Ili nimhesabie mtu kosa, sharti kwanza nikubali kwamba ni mtu, alikuwa na njia mbili mbele yake, akachagua moja.

Na je, kuuliza sababu ni jambo geni kwetu Wakatoliki? Watoto wa Komunyo ya kwanza wanajua kwamba ili dhambi iwe ya mauti yatakiwa mambo matatu: jambo lenyewe liwe kubwa, mtu ajue vema, na akubali kwa hiari. Katekisimu ya Kanisa, katika namba 1735, yafundisha kwamba ujinga, hofu, mazoea na kulazimishwa huweza kupunguza hatia ya mtu, na pengine kuiondoa. Padri katika kitubio huuliza: mara ngapi, kwa nini, nani alikutuma? Haulizi ili aifute Amri ya Tano. Auliza ili ajue ni mzigo gani hasa ulio mabegani mwa mtu huyu, wala si wa mwingine.

Alikuwako Mbelgiji mmoja, mganga na Mkatoliki, Étienne De Greeff, aliyezaliwa 1898 na kufa 1961. Alikuwa mganga wa gereza kuu la Louvain, akafundisha kriminolojia katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha mji uleule. Aliwasikiliza wauaji miaka mingi. Aliona kwamba kwa kawaida mtu haamki asubuhi moja na kuua. Kwanza moyo wake hukubali kidogo tu kwamba fulani asingekuwapo. Halafu hujiambia waziwazi. Wakati huo humshusha yule mwenziwe, humvua thamani kidogo kidogo, mpaka abaki kama kitu. Na mara nyingi mwuaji hujiona kuwa yeye ndiye aliyeonewa, naye anajilipia haki yake.

Niliposoma hayo nilifunga kitabu, maana nilikumbuka mambo yangu. Miaka michache iliyopita naliona vijana wa mtaa wakimpiga mawe mtu aliyeshikwa na simu ya wizi. Mawe ya volkano hayakosekani kwetu. Wawili kati yao naliwafundisha mimi mwenyewe kwa Kipaimara. Nami nilisimama kando, nikasema "Mwacheni" kwa sauti ambayo labda niliisikia mimi peke yangu. Mtu yule alikufa kabla ya polisi kufika. Jumapili wale vijana walikuja Misa. Nilipowauliza, wakanijibu kwa utulivu kabisa: "Mwalimu, yule alikuwa mwizi." Hawakusema "mtu aliyeiba." Alikuwa amebaki neno moja, na neno lapigwa mawe bila taabu. Nao walijiona wameonewa siku nyingi na wezi, tena si uwongo.

Basi, je, nilipoielewa njia waliyopita vijana wale, hatia yao ilipungua machoni pangu? Labda kidogo. Lakini kwa hakika iliongezeka mahali pengine: kwangu niliyesimama, kwa wazee walioshangilia, kwa wenye kulipwa kulinda mtaa wasioulinda. Hilo mama hakulifikiri, wala mimi sikulifikiri kabla. Ukitafuta sababu kwa kweli, utawakuta wenye makosa kuwa wengi kuliko ulivyodhani, na pengine hutapenda majina yao.

Hapa Goma tuna gereza la Munzenze. Lilijengwa kwa watu wapatao 350. Mwanzoni mwa 2025 lilikuwa na zaidi ya 3,000, na wengi wao walikuwa hawajahukumiwa, aliyeiba mbuzi akilala karibu na aliyeua. Tarehe 27 Januari 2025, mji ulipotekwa, wafungwa walivunja wakatoka. Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba wanawake zaidi ya 150 waliokuwa wamefungwa humo walinajisiwa na wafungwa wanaume, na wengi wao wakafa motoni. Sipati neno dogo la kuita jambo hilo, ni uovu. Lakini nani aliwaweka wanawake wale ndani ya ukuta mmoja na wanaume maelfu, miaka yote ile, nasi tukipita nje tukienda sokoni? Swali hilo lahitaji mtu aliyesoma, mwenye kuhesabu na kuuliza bila kuogopa.

Nilimrudia mama, nikamwambia hayo yote, kwa maneno machache zaidi. Nikamwambia pia lililo gumu: kwamba Shule ya Kriminolojia iko katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mbali sana, na safari imekuwa taabu tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwaka 2025. Alinisikiliza akichambua maharage. Akauliza: "Na huko, watamfundisha pia habari za sisi tuliobaki?"

Nikamjibu kwamba binti yake ndiye atakayeuliza, maana darasani huenda asiwepo mwingine wa kuuliza. Barua nimeiandika, na padri ameitia muhuri. Nilimpa mama mkononi, si binti. Mpaka leo iko kwake.