Ni Mimi Nilikupa?

Nikiwa mtoto nilivalishwa boshori hata Januari. Makamasi hayakuisha, na kila shangazi aliyetutembelea alikuja na lawama ile ile: mama anaacha mtoto apigwe na baridi. Mama hakujibu. Aliongeza sweta.

Sasa niko na miaka 26 na sainasi bado zinanisumbua. Ile mianya ya hewa ndani ya mifupa ya uso huvimba, kamasi hukosa pa kutokea, na kichwa huwa kizito kama debe la maji. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilisema ni kichwa. (Karo pia ilikuwa imeisha, lakini kichwa kilieleweka haraka.)

Juzi nikasoma kuhusu TAS2R38, jeni ya kipokezi kinachotuwezesha kuonja uchungu. Mwaka 2012 watafiti wa Philadelphia walionyesha kwamba kipokezi hicho kiko puani pia, kwenye seli zenye vijinywele vinavyofagia kamasi. Kinatambua kemikali ambazo bakteria fulani huwasiliana nazo, kisha seli hutoa nitriki oksidi, gesi inayoua bakteria na kuharakisha ufagiaji. Ukirithi nakala dhaifu kwa baba na kwa mama, mlinzi huyo husinzia.

Sijapimwa. Lakini nilimpigia mama mbio mbio, nikidhani namletea ushindi juu ya mashangazi wote. Nikamwambia haikuwa baridi, huenda ni jeni. Akanyamaza.

“Kwa hivyo ni mimi nilikupa?”

Hilo sikuwa nimelifikiria. Baridi ilikuwa kosa ambalo angeweza kulirekebisha, na alilirekebisha kila asubuhi. Jeni haivalishwi sweta.

“Nusu ni ya baba,” nikasema.

“Huyo?” Akacheka kidogo. “Basi kuna kitu aliacha.”

Mimi naamini humlaumu mtu ila kwa jambo ambalo angeweza kulifanya vingine. Hakuna mzazi anayechagua nakala ipi impate mtoto, kwa hivyo mama hana deni. Shida ni kwamba hoja hiyo nimeshaanza kuivaa mwenyewe: chuo, jeni, makala niliyomcheleweshea mhariri, jeni. Hapo inanibana. Jeni inaweza kuongeza uwezekano wa pua kuziba. Barua ya kuomba kuahirisha masomo ilikuwa ukurasa mmoja tu, na kuna wiki nzima kichwa hakikuuma. Sikuiandika.