Tuwaahidi Nini Watoto Wetu Shule Zinapofunguliwa?



Muhula wa kwanza ulipoanza tuliwatembelea ndugu zetu wanaoishi Jinja, kisha tukaendelea hadi Mbale. Kote kuwili walimu walituuliza jambo moja: tufanye nini ili mtoto mkimbizi apende masomo tangu siku za kwanza? Swali hili ni zito kwetu, kwa sababu jibu tulilozoea kulitoa limetuvunjikia mikononi.

Miaka mingi tulimwambia mtoto, "Soma Kiingereza, maana tutaenda Marekani." Wazazi walisema hivyo, walimu wakasema, nasi wachungaji tukaitikia Amina. Naye mtoto alisoma kweli. Kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kijana mmoja huko Mbale aliweka madaftari yake chini ya kitanda, akamwuliza mama yake, "Sasa nisomee nini?" Mama hakuwa na jibu.

Basi tunauliza: je, ni halali kumtia mtoto bidii kwa ahadi ambayo kuitimiza hakumo mikononi mwetu? Wengine watasema heri ahadi kuliko fimbo. Fimbo shuleni imekatazwa na Sheria ya Watoto ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2016, nasi tunashukuru. Lakini ahadi tupu nayo huumiza, ila kidonda chake huchelewa kuonekana.

Tumkumbuke Hanania, katika kitabu cha Yeremia. Alisema waliochukuliwa Babeli watarudishwa ndani ya miaka 2. Bila shaka neno lake lilipendeza masikioni. Yeremia akawaandikia kwamba ni miaka 70, basi wajenge nyumba, wapande bustani, waoe. Hakuwanyima tumaini, bali aliwapa na kazi ya kufanya wakiwa huko huko.

Mwalimu mmoja wa Jinja alitusimulia juu ya Januari 2022, shule zilipofunguliwa baada ya karibu miaka 2 ya korona. Baadhi ya watoto walikuwa wamezoea kukata miwa na kushika fedha yao wenyewe. Kuwaambia "mtakuwa madaktari" hakukusaidia, maana muwa hulipa leo. Tena walikuwa wamepandishwa darasa, na asiyejua kusoma aliona haya mbele ya wenzake. Juma la kwanza mwalimu huyo hakufundisha jambo jipya. Alijifunza majina yao yote (ya Kikongo yalimshinda ulimi, watoto wakacheka na kumsahihisha), akampa kila mmoja kazi anayoiweza: huyu asome sentensi moja, yule apime ubao kwa kamba. Mtoto akaenda nyumbani akijua ameweza kitu.

Mzazi atasema sentensi moja haijazi sufuria. Ni kweli, na karo bado inadaiwa. Hata hivyo, mtoto anayesoma vizuri aweza kumsomea mama yake maandishi ya pakiti ya dawa jioni hii hii, na barua ya ofisini kesho. Hilo halingoji ndege.

Kabla ya kuondoka Mbale tulirudi kwa yule kijana. Tulimwomba radhi, tukamwambia kwamba hatujui kama safari itakuwepo. Alitutazama kwa muda, kisha akauliza kwa nini hatukumwambia hivyo tangu mwanzo.