Kusamehe na Kuripoti

Wapendwa, mtu akisambaza picha yako na nambari yako ya simu kwa WhatsApp akisema wewe ni mwizi, na si kweli, je, kwenda polisi ni kukosa msamaha? Wengi wetu husema, "Mwachie Mungu." Mimi naona hapo tunachanganya mambo mawili. Kusamehe ni kazi ya moyo: sitamchukia, sitalipiza kisasi. Kuripoti ni kulinda uhai. Hapa kwetu mtu akiitiwa mwizi, umati haungoji ushahidi.

Soma Matendo 23. Mpwa wa Paulo alisikia njama ya kumuua mjomba wake. Hakunyamaza. Paulo mwenyewe alimtuma kwa jemadari wa Kirumi, na jemadari akachukua hatua.

Kama ni ndugu wa kanisani, mwendee kwanza, ndivyo Mathayo 18 inavyotufundisha. Akikataa kufuta, hifadhi ule ujumbe, nenda kituoni, uandikishe, upewe nambari ya OB. Lakini sema ulichokiona tu. Ukitia chumvi ili akomeshwe, wewe pia umemshuhudia jirani yako uongo, tena mbele ya serikali. Halafu usiache kumwombea.