Mama wa Watoto Asiowazaa



Sisi tuliokulia Kigoma tunaikumbuka Mei 2015. Warundi walivuka kwa maelfu hadi Kagunga, kile kijiji cha mpakani ufukweni mwa ziwa. Kipindupindu kikawakuta hapohapo, na MV Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta mjini. Walipumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu. Tuliwaona akina mama wenye watoto mgongoni, na tuliwaona watoto wasio na mama kabisa.

Wapo waliotoa nguo na chakula, Mungu awabariki. Wengine wetu, na mimi nimo, tulipata neno jipya la kutania watu. "We Mrundi nini?" Na ukishuka treni Dar es Salaam ukasema kwenu Kigoma, swali ni hilohilo unaulizwa wewe. Tunajua linavyouma, halafu tunalipeleka kwa mwingine.

Ndiyo maana leo nataka tumheshimu mama mmoja wa ng'ambo ya mpaka, Marguerite Barankitse. Wengi humwita Maggy. Kwao ni Ruyigi, mashariki mwa Burundi, jirani kabisa na mkoa wetu.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, Mhutu, aliuawa. Nchi ikawaka. Wahutu wakaua Watutsi, Watutsi wakaua Wahutu. Maggy ni Mtutsi, na wakati huo alikuwa akifanya kazi uaskofuni Ruyigi. Tayari alikuwa analea watoto saba aliowachukua kuwa wake, Wahutu na Watutsi pamoja. Basi akawaficha Wahutu katika nyumba ya Askofu. Jumapili ya tarehe 24, mwezi wa Rozari, kundi la Watutsi wenzake likavamia. Walimvua nguo, wakamfunga kwenye kiti, wakamlazimisha kutazama. Watu 72 waliuawa mbele yake.

Hebu tusikimbie hapo. Kabla ya kuuawa, rafiki yake mmoja alimkabidhi mabinti zake wawili. Fikiria: mama anajua amebakiwa na dakika chache tu, na anamtafuta wa kumwachia wanawe. Mimi nikisoma hivyo naiona sura ya 19 ya Injili ya Yohane. Yesu yuko msalabani, na pumzi kidogo iliyobaki anaitumia kumkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, na mwanafunzi kwa mama. Bikira Maria hakuweza kumshusha Mwanae. Hakuweza hata kumpa maji. Lakini palepale, akiwa hana uwezo wa kufanya lolote, akapewa mtoto mwingine ambaye hakumzaa. Tunasali Njia ya Msalaba kila Kwaresima na tunapita kituo cha kumi na mbili haraka, magoti yanauma. Kumbe pale kuna familia inaanza.

Maggy alitoa fedha akakomboa watoto 25. Wale saba wake aliwakuta wazima, walikuwa wamejificha sakristia. Akaanza nao wote nyumba moja akaiita Maison Shalom, yaani Nyumba ya Amani. Na hapa ndipo mimi huchoka kabisa, maana aliwalea pamoja: watoto wa waliouawa na watoto wa kabila la wauaji, sahani moja. Miaka ikaenda, wakafika maelfu. Hakutaka wabaki yatima wa kuonewa huruma; alitaka wawe na nyumba zao, kazi, ndoa. Ruyigi kukawa na gereji, sinema, baadaye hospitali. Sinema, jamani! Wapo watakaosema huo ni ubadhirifu, eti yatima wapewe uji inatosha. Mama hawazi hivyo kuhusu mwanawe.

Mwaka 2015, alipopinga Rais Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, ikabidi akimbie. Mwaka uleule Liemba ilipowaleta Warundi Kigoma, yeye naye akawa mkimbizi, na huko Rwanda akaanza upya na wakimbizi wenzake. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Aurora kule Armenia. Tuzo ni nzuri, ila mimi nabaki nakiangalia kile kiti.

Sasa niseme la kwangu. Kwaya yetu ilikuwa na binti aliyelelewa na bibi asiye ndugu yake. Siku moja tuligombania nafasi ya kuimba wimbo wa katikati, nami nikamtupia lile neno mbele ya watu. Wakacheka. Jumapili iliyofuata hakuja mazoezini. Bibi yake ndiye alikuja, akarudisha sare yake imefuliwa na kupigwa pasi, akanisalimia vizuri tu, "Hujambo, mwanangu?"

Mwanangu. Mimi!

Nyumba yao naijua, ni huku Ujiji njia ya kwenda ufukweni. Jumapili hii, baada ya Misa ya pili, nitakwenda na ile sare. Mniombee.