Malizeni Mafuta Kwanza

Wanangu wa boda boda, haya nimeyasema hapa Kisumu, Kondele na Kibuye, na sitachoka kuyarudia. Mkifika kwenye pampu, zimeni injini, mshuke. Simu ikae mfukoni mpaka tangi lifungwe.

Najua mtanijibu nini. "Mzee, nambari ya kulipia si imebandikwa pale pale kwenye pampu, karibu na picha ya simu iliyopigwa mstari mwekundu?" Ni kweli, na ingefaa wenye vituo waihamishie nambari hiyo mbali kidogo, kwa maana tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 wengi wetu hatutembei na noti. Lakini hakuna anayekulazimisha kulipa mafuta yakiendelea kumiminika. Jaza, funga, sukuma pikipiki kando, ndipo utoe simu. Mhudumu atakungoja.

Wengine mmesoma, mkaniambia simu haiwashi petroli. Sitawadanganya. Wataalamu wa Marekani waliochunguza mioto ya vituoni walikuta chanzo mara nyingi ni umeme tuli, ule unaojikusanya mwilini na kwenye mtungi wa plastiki; moto uliothibitishwa kuwa umetokana na simu hawakuupata. Basi mtungi usijazwe ukiwa umefungwa kwenye pikipiki, uwekwe chini. Na simu bado naikataza, kwa sababu huiba macho. Mtu anacheka na mwenzake simuni, tangi linafurika, petroli inatiririkia injini ambayo bado ni moto. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Na nyinyi wa majini, mnaotoka ufuko wa Dunga jioni kufuata omena, nisikilizeni kwa makini zaidi. Mvuke wa petroli hauonekani, nao ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutuama. Kituoni upepo huupeperusha. Ndani ya boti hauna pa kutokea; hujaa chini, pale pale mlipoweka miguu. Kisha mtu anaongeza mafuta gizani, simu ameibana kwa meno imulike, mikono yote miwili imeshika mtungi unaotikiswa na mawimbi, na karabai inawaka hatua mbili kutoka hapo. Wanangu, tafadhali. Jazeni ufukweni kabla jua halijazama. Simu ifungeni vizuri kwenye nailoni isilowe, maana dhoruba ikiwakuta ziwani ndiyo mtakayoitia msaada.

Mnakumbuka Malanga, kule Gem, Julai 2021. Lori la mafuta liligongana na lori la maziwa kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, watu wakatoka usiku na mitungi kuchota, moto ukalipuka. Walikufa 13, wengine wakabaki na majeraha ya kudumu. Miaka 12 kabla yake, Sachangwan karibu na Molo, tulikuwa tumezika zaidi ya 100 kwa kisa hicho hicho. Sisemi ni simu iliyowasha. Ninachosema ni kwamba siku hizi lori likianguka, kijiji kizima kinapata habari kwa dakika chache, na anayepiga simu anamwita ndugu yake wa damu.

Ukilikuta lori limelala, usisogee kupiga picha. Ondoka kuelekea unakotoka upepo, nenda mbali, kisha piga 999 au 112, utaje mahali ulipo. Na nduguyo akikupigia kuuliza kama mafuta bado yanamwagika, mwambie abaki nyumbani na awashike watoto.