Je, Ametembelea Wagonjwa?

Kila mwaka, Kwaresima inapokaribia, hofu ya mtihani huwaingia watu wengi. Utamkuta mtu njiani akirudia Amri za Mungu kwa sauti ndogo, na mwingine akihesabu sakramenti kwa vidole vyake, asije akasahau moja mbele ya Padri. Ni vema. Anayetaka kuingia katika nyumba ya mtu sharti alijue jina la mwenye nyumba. Lakini leo napenda kuwaeleza habari za mtihani mwingine, ulio wa zamani kuliko katekismu zetu zote.

Kuna kitabu cha kale kiitwacho Mapokeo ya Mitume, ambacho hutajwa pamoja na jina la Hipoliti, padri wa Roma wa karne ya 3. Chatuonyesha jinsi wakatekumeni walivyotayarishwa siku zile. Walisikiliza mafundisho kwa muda wa miaka 3, na walipofika karibu na ubatizo, maisha yao yalichunguzwa. Iliulizwa kama walikuwa wamewaheshimu wajane, kama walikuwa wamewatembelea wagonjwa, kama walikuwa wametenda kila tendo jema. Tena angalieni nani aliyejibu. Mkatekumeni hakujishuhudia mwenyewe. Waliomleta ndio waliomshuhudia. Maana ulimi wa mtu huweza kujifunza maneno kwa mwezi mmoja, lakini jirani zake huyajua matendo yake ya miaka 3.

Labda mtu atasema: «Mimi bado sijabatizwa. Kazi za mapendo ni za Wakristo. Nitazianza nitakapokuwa mmoja wao.» Ndugu yangu, umekosea. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya kazi ya misioni, umefundisha kwamba wakatekumeni wamekwisha kuunganika na Kanisa, nao ni watu wa nyumba ya Kristu tangu sasa. Mtoto wa nyumbani hangoji sikukuu ndipo achote maji.

Sasa nitazungumza juu ya Shituru, kwa sababu wengi wenu mnaijua. Mnapopeleka makala na unga wa mihogo kuuza Likasi, mnaliona bomba la moshi la kiwanda kabla ya kuingia mjini. Kiwanda kile cha kusafisha shaba kilianza kazi mwaka 1929, wakati wa kampuni ya Union Minière, na mji wenyewe uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Kampuni iliwajengea wafanyakazi kambi. Kila juma ilitoa posho: mfanyakazi alipimiwa chakula chake, tena cha mke na cha watoto. Kulikuwa na hospitali ya kampuni na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Baba alipougua, kampuni ilijua. Mtoto alipozaliwa, kampuni iliandika.

Sitasema kwamba posho ile ilikuwa mbaya. Mtoto aliyeshiba ameshiba. Lakini iliacha desturi moja moyoni mwa watu, nayo ni kudhani kwamba msaada ni kitu kinachoshuka kutoka juu, kutoka kwa mkubwa mwenye ghala, na kazi ya mtu wa chini ni kusimama katika mstari na kikapu chake. Wengi walipoingia Kanisani walimtazama Padri kwa macho yale yale.

Kisha ghala likafungwa. Mwaka 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, ikazaliwa kampuni inayoitwa leo Gécamines. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Mwaka 1994 hazikufika hata 40,000. Mishahara ikachelewa mwezi, ikachelewa mwaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa fedha kidogo zilizotoka Benki ya Dunia, wengi wao wakiwa wamezeeka kazini. Mtu aliyekuwa na kazi, nyumba na heshima akajiona amekaa mbele ya mlango wake hana la kufanya, na mkewe akachukua jembe kwenda kulima pembezoni mwa mji.

Hapo ndipo swali lilipofika kwa Wakristo. Kampuni haina kitu, serikali haina kitu, na Padri naye anakula bukari na sombe kama sisi. Je, mapendo yamekwisha pamoja na posho?

Sikilizeni habari za Wakristo wa kwanza, waliokuwa maskini kuliko sisi. Mtakatifu Yustini, aliyeuawa kwa ajili ya imani, aliandika karibu na mwaka 155 jinsi walivyosali siku ya Jumapili. Asema kwamba baada ya sala, wenye kitu walitoa, kila mtu kadiri alivyopenda. Vitu hivyo viliwekwa kwa msimamizi wa kusanyiko, naye akawasaidia yatima na wajane, wagonjwa, wafungwa, na wageni waliokuwa wakikaa kati yao. Sadaka ya mapendo ilitoka ndani ya Misa yenyewe. Haikutoka katika ghala la tajiri, ilitoka mikononi mwa watu wale wale waliokuwa wamepokea Mwili wa Bwana.

Ndiyo maana mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya hai za Kikristo, ili Wakristo wa mtaa mmoja au kijiji kimoja wajuane kwa majina, wasome Neno la Mungu pamoja, na wachukuliane mizigo. Parokia ni kubwa. Padri hawezi kujua kwamba jana usiku mzee wa nyumba ya nne hakula. Jirani wa nyumba ya tano anajua. Na kama anajua akanyamaza, kisha Jumapili akaimba kwa sauti kubwa kuliko wote, basi Mtume Yakobo amekwisha kusema juu ya mtu huyo katika barua yake. Mtaisoma wenyewe, sura ya pili.

Lakini yafaa mjifunze namna ya kutenda, maana hata mapendo yana adabu yake.

Unapomtembelea mgonjwa, usiende mikono mitupu ukiwa na maneno tu, wala usiende na maneno mengi ukiwa na zawadi. Chota maji, pasua kuni, fua shuka lake. Usimchunguze kwa maswali juu ya ugonjwa wake, wala usichukue habari zake ukazipeleka kisimani. Sali naye kwa kifupi, kwa sababu mgonjwa huchoka. Ikiwa anakunywa dawa za kifua kikuu, mkumbushe asiziache hata akijiona amepona, kwa kuwa ugonjwa ule hurudi na nguvu mpya kwa mtu aliyekatiza dawa. Siku hizi wako wahubiri wanaowaambia wagonjwa watupe dawa wakitegemea sala peke yake. Sisi hatufundishi hivyo. Mungu aliyetupa sala ndiye aliyempa mganga wa hospitali akili yake.

Fedha za jumuiya zishikwe na watu wawili, na kila kitu kiandikwe katika daftari, hata kama ni franka chache na kopo moja la unga. Wengine wataona haya kuomba daftari kwa ndugu yao. Wasione haya. Hata Mtume Paulo, alipokuwa akipeleka mchango kwa maskini wa Yeruzalemu, alichukua wenzake wa kumshuhudia ili mtu asimlaumu.

Sasa niseme juu ya wajane, maana jambo hili laumiza moyo zaidi. Mtu akifa, Wakristo hujaa matangani. Twaimba, twachanga, twakesha. Lakini baada ya mazishi huja siku nyingine, siku ambayo ndugu za marehemu wanakaa na kugawana sufuria, baiskeli, magodoro, na mwisho nyumba yenyewe, naye mjane anatazama tu. Siku hiyo waimbaji wako wapi? Kanisa halikumwambia mtu yeyote kwamba mali ya mjane ni nyara. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya mwaka 1987, inamhesabu mke aliyefiwa kati ya warithi na kumpa haki juu ya nyumba waliyokaa. Kwa hiyo kumheshimu mjane si kumsalimia kwa upole tu baada ya Misa. Ni wazee wa jumuiya kwenda kuketi pale wanapogawana, na kusema kwa utaratibu: «Hapana, ndugu. Nyumba hii ina mwenyewe.» Ikiwa mkatekumeni ni mmoja wa hao ndugu za marehemu, na sehemu yake imekwisha kuwekwa kando, mtihani wake uko hapo, na mtihani wa kusoma hauwezi kuufuta.

Na mtoto yatima asiitwe mchawi. Nasema jambo hili kwa kifupi kwa sababu halina pande mbili. Mtoto anayekojoa kitandani, mtoto mwenye kifafa, mtoto ambaye baba yake alifukuzwa kazini mwaka aliozaliwa, hao si wachawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto asisingiziwe hivyo, na anayemsingizia huadhibiwa. Mkristo hangoji sheria.

Nimeacha neno lililo gumu kuliko yote mpaka sasa. Hipoliti ametaja wajane na wagonjwa. Yustini ameongeza wageni. Ni nani mgeni?

Katika mwaka 1992 mji wa Likasi ulijaribiwa kwa neno hilo. Kulikuwa na watu waliotoka Kasai, au ambao babu zao walitoka Kasai kuja kujenga reli na kufanya kazi katika migodi. Wengi wao walizaliwa hapa. Hawakujua kijiji kingine. Siasa ya siku zile ikawasha moto. Ikasemwa kwamba watu wa Kasai ndio waliokula kazi na utajiri wa Katanga. Wakaitwa «bilulu», yaani wadudu. Na mtu akikubali kumwita mwenzake mdudu, mkono wake hautakawia. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa. Maelfu na maelfu walikimbilia shuleni na kwenye stesheni ya reli, wakalala chini pamoja na watoto wakingoja gari moshi la kuwapeleka mbali. Wengi walikufa pale pale kwa magonjwa na njaa. Mwaka uliofuata mambo hayo yakatokea pia Kolwezi.

Wakatekumeni wapenzi, waliochoma na waliochomewa, wengi walikuwa wamebatizwa. Walijua sala zilezile, walipokea komunyo kwenye meza ileile. Sisemi haya ili kuwahukumu wazazi wetu. Wako watu waliofungua milango yao usiku wakawaficha jirani, na Mungu anawajua mmoja mmoja. Nasema kwa sababu maneno yale hayajafa. Bado mnayasikia sokoni na katika magari, hasa uchaguzi unapokaribia, na tangu watu wa Kasai walipoanza tena kuja kwa wingi kutafuta kazi. Mtu atakuambia kwamba mapendo ya Kanisa ni kwa ajili ya watu wetu kwanza. Mwulize ni katika Injili gani Bwana wetu Yezu Kristu aliuliza kabila la mtu kabla ya kumponya. Mfano alioutoa wa jirani ni habari ya Msamaria, na Wayahudi waliomsikiliza hawakuwapenda Wasamaria.

Nchi yetu ina mwenye heri aliyeonyesha mahali mapendo yanapofika. Isidori Bakanja alikuwa kijana mfanyakazi, msaidizi wa waashi, aliyebatizwa mwaka 1906. Mwaka 1909 alipigwa kwa amri ya bwana wa kazi kwa sababu hakutaka kuvua skapulari ya Mama Maria. Aliteseka kwa vidonda miezi 6, akafa tarehe 15 Agosti. Kabla ya kufa alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni. Hakuwa na fedha, hakuwa na cheo, hakuwa hata na nguvu ya kuketi. Alikuwa bado na kitu cha kumpa adui yake. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Kwa maoni yangu, mkatekumeni anayekosea neno moja katika Nasadiki, lakini amemchotea maji mzee asiye wa kabila lake, yuko karibu na kisima cha ubatizo kuliko yule asiyekosea hata neno. Lakini msichukue maneno haya kuwa ruhusa ya kutojifunza Nasadiki; katekista wenu atanilaumu, naye atakuwa na haki.

Basi, kabla ya Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, wakati majina yatakapoandikwa, wazee wa kila jumuiya watawapa wakatekumeni nyumba za kutembelea: za wagonjwa, za wajane, na za wageni waliohamia kijijini mwaka huu, hata kama hawasali nasi. Mtakwenda wawili wawili. Wasimamizi wenu watapita baadaye kuwauliza wenye nyumba hizo, wala si kuwauliza ninyi. Kuni mzikate mapema, kwa sababu mvua bado ni nyingi na zitachelewa kukauka.